Aibu Mbili za Obedi Chenge

Kabla hajapasuliwa, Obedi Chenge alikuwa mtu wa kusikika kabla ya kuonekana. Bucha lake lilikuwa Buhongwa, pembeni ya barabara iendayo Shinyanga, na ukitokea upande wa sokoni ungeanza kusikia sauti yake ikimwambia mama fulani kwamba kwa uso ule alioamka nao leo, hata maini yatamkataa. Wanawake walicheka, wakamtukana kidogo, wakanunua. Alikuwa amevuka hamsini na tano, kifua kama mlango, mzee wa kanisa, baba wa watoto ambao wote walikuwa wamekwisha kutoka nyumbani na kuanza maisha yao. Paja zima la ng'ombe alilibeba begani peke yake na kulitundika kwenye ndoano bila kukatisha mazungumzo.

Kisha mkojo ukaanza kumsumbua. Mara unakataa kutoka, mara unatoka kwa matone, mara damu. Akalazwa katika hospitali kubwa mjini, na madaktari walipokuta kwamba tezi dume ina saratani iliyokuwa bado changa, wakaitoa yote. Dorotea, mkewe, alitandika kanga sakafuni kando ya kitanda chake siku zote zile, akamwosha, akamlisha uji, akamwombea. Waliporudi nyumbani watu wa kanisa walikuja na sukari na mchele, wakaimba. Jumapili iliyofuata Obedi alisimama mbele ya usharika akatoa ushuhuda jinsi Bwana alivyomtoa mautini, na wengi walilia.

Lakini yapo mambo ambayo hayaingii kwenye ushuhuda.

Siku aliyorudi buchani aliinama kubeba paja kama kawaida yake. Alipoliinua tu, akahisi joto likimshuka miguuni. Akalirudisha paja mezani. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri utumbo akamwuliza kama kidonda kinamuuma. "Kidogo," akasema, akapita mlango wa nyuma, akachukua ndoo ya kuoshea meza akajimwagia yote, kuanzia kifuani, ili akirudi aonekane mtu aliyemwagikiwa na maji. Mama yule akacheka. Obedi naye akacheka. Tangu siku ile mapaja ya ng'ombe alibebewa na kijana wa pikipiki aliyeyaleta, na watu wakasema Mzee Chenge siku hizi anajihurumia, na ni haki yake.

Akikohoa, mkojo. Akicheka, mkojo. Akisimama kanisani kwa haraka wimbo unapoanza, mkojo. Akaacha utani, maana utani ulimchekesha mwenyewe kuliko wateja. Akaanza kuvaa vitambaa ndani ya suruali, na vitambaa hivyo akawa anavifua mwenyewe bafuni, yeye ambaye katika ndoa yote ile hakuwahi kufua hata soksi.

Na kulikuwa na hilo jingine. Jumapili moja mchana, baada ya kula, Dorotea alikuja akaketi kitandani karibu naye, akamwekea mkono kifuani. Ilikuwa imepita miezi. Obedi alimgeukia kwa furaha, akamkumbatia, na mwili wake ukakaa kimya kama mwili wa mtu mwingine. Alijaribu kuulazimisha. Kilichotoka ni mkojo, ukalowesha shuka. Dorotea alisema polepole, "Si neno, Baba Queen. Umetoka kuugua." Akaondoa shuka bila kumtazama, kwa wema tu, asije akaona haya. Lakini Obedi aliuona wema ule kama kofi. Jioni yake akachukua mto wake akahamia chumba kilichokuwa cha Queen, binti yao mkubwa. Alisema mshono unamuuma akigeuka, kwamba ni kwa muda tu. Akawa analala humo na mlango ameufunga kwa komeo.

Dalali mmoja wa ng'ombe, Nestory, alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Walikutana kila wiki mnadani Misungwi, ambako Obedi alinunua ng'ombe wa kuchinja, na Nestory alikuwa na mdomo usiojua kupumzika. Siku moja Obedi alimvuta kando ya zizi.

"Ule unga uliokuwa ukiusifia," akasema. "Wa mizizi. Unapatikana wapi?"

Nestory akamtazama kuanzia kofia hadi viatu, uso ukamchanua. "Ng'wanawane!" akashangaa kwa Kisukuma. "Wa kwako au wa mtu?"

"Wa mtu."

"Huyo mtu mwambie nina mwingine mfukoni. Lakini Chenge, wewe na Mama Queen na uzee huu, unga wa nini? Au kuna shamba jipya limefunguliwa?"

Obedi alitoa tabasamu dogo la upande mmoja, na katika tabasamu lile ndipo mambo yote yalipoanzia, ingawa yeye alidhani ameponyoka tu swali gumu.

Wiki iliyofuata alikoroga unga ule kwenye maziwa asubuhi, vijiko vingi kuliko alivyoambiwa, akaondoka na pikapu yake kwenda mnadani. Alikuwa akikagua meno ya fahali mmoja mwekundu aliposikia moyo wake ukikimbia, kisha masikio yakajaa mvumo, kisha akaona kwato karibu na uso wake. Walimwokota wakampeleka kituo cha afya kilichokuwa karibu. Presha yake ilikuwa juu vibaya sana. Walimtundikia dripu, na presha ilipoanza kushuka, tabibu wa zamu akafunga pazia akamwuliza amekula nini.

Obedi alimtazama tabibu yule. Alikuwa mtu asiyemjua, katika mji ambao hakuna mshirika wa kanisa lake. Akamweleza. Alipoanza hakuweza kuacha. Akaeleza unga, akaeleza vitambaa, akaeleza mpaka ile Jumapili. Tabibu hakucheka. Alimwambia kwamba unga wa namna ile hakuna anayejua umewekwa nini ndani, na kwamba mtu wa presha akiendelea nao atazikwa nao. Kisha akasema, "Hapa tuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Huko mjini hawakukupeleka kwa mtu wa namna hiyo?"

"Sijui. Labda walisema. Mimi baada ya kusikia saratani imetoka sikusikia tena neno jingine."

Mtaalamu alikuwa mwanamke, na alikuwa mdogo kuliko Queen. Jina lake Gladness. Alimwamkia shikamoo, na Obedi akaitikia marahaba huku akitafuta mlango ulipo. Gladness alikuwa amezoea macho ya namna ile. Alimketisha, akavuta kiti chake, akaongea kama mtu anayeeleza namna ya kufunga mzigo.

"Baba, umewahi kulalia kitanda cha kamba?"

"Nimezaliwa juu yake."

"Basi. Chini ya nyonga yako, kutoka mfupa wa mbele mpaka mkiani, kuna misuli imetandwa kama zile kamba. Inabeba kibofu, inabana njia ya mkojo. Tezi ilipotolewa, kamba zililegea. Kitanda hakijavunjika. Tunakwenda kukaza kamba."

Akamlaza chali magoti yakiwa juu, nguo zake zote mwilini. Akamwambia abane kama mtu anayekatisha mkojo katikati. Obedi akabana. Matako yakainuka, tumbo likawa gumu, mashavu yakavimba, jasho likamtoka.

"Baba, uso wako hauna kazi hapa," Gladness akasema. "Pumua. Legeza tumbo. Legeza matako. Fanya hivi: uko ibadani, tumbo limejaa hewa, mchungaji amesema tuombe, kanisa limenyamaza. Unafanyaje?"

Obedi alitaka kucheka akaogopa kucheka. Lakini alifanya, na kwa mara ya kwanza akakihisi, kitu kidogo cha ndani kikivutwa kwenda juu, dhaifu kama kope la mtoto.

"Ndiyo huo. Ushike kidogo, kisha uachie polepole. Kuachia nako ni kazi, usikudharau. Fanya asubuhi, mchana na jioni, kwanza ukiwa umelala, baadaye umekaa, baadaye umesimama. Usifanye wakati unakojoa kweli. Kule ni kuitafuta misuli tu, ukishaijua basi. Na kabla hujakohoa, kabla hujabeba kitu, bana kwanza."

Obedi alikaa kitako. Lilikuwa limebaki lile swali, na alilitazama kama mtu anayetazama kina cha maji. Gladness akalisema mwenyewe.

"Na mambo ya ndoa, misuli ni ile ile. Ndiyo inayosaidia kuzuia damu isikimbie mapema. Lakini sitakudanganya, baba. Kuna mishipa ya fahamu inayopita pale, na ikiguswa na kisu huchukua muda kuamka. Mwaka, hata zaidi. Wengine hurudi kama walivyokuwa, wengine nusu, wengine tunawapeleka kwa daktari wakapate dawa za kweli, ambazo kwa presha yako usiguse mpaka daktari aseme. Mama anajua unapitia haya?"

"Anajua," Obedi akasema.

"Siku ijayo njoo naye. Wakija wawili inakwenda vizuri."

"Amesafiri."

Akawa anakwenda Misungwi hata siku zisizo za mnada. Alifanya mazoezi yake kitandani kwa Queen mlango ukiwa na komeo, akayafanya akiwa amekaa kwenye stuli ya buchani akisubiri wateja. Wiki zikapita bila badiliko lolote. Alikata tamaa mara nyingi. Mara mbili tatu aliacha kabisa, akarudi Misungwi akamdanganya Gladness kwamba ameyafanya, na Gladness akampima akajua, akamwambia tu waanze tena. Siku moja, baada ya zamu yake kwisha, mvua kubwa ilinyesha, na Obedi akamwomba apande pikapu amfikishe kwake. Alimfungulia mlango kwa adabu, akamshikia mwamvuli. Upande wa pili wa barabara, chini ya kibaraza cha duka la pembejeo, alikuwa amejikinga Nestory.

Kabla wiki haijaisha Buhongwa ilikuwa inajua kwamba Mzee Chenge ana mwanamke Misungwi. Msichana mbichi, anavaa nguo za kinesi. Ndiyo maana ya unga. Ndiyo maana alianguka mnadani, msichana alimzidi nguvu.

Maneno yalimfikia Obedi buchani. Vijana waliokuja kununua mifupa walimwita "bingwa." Mzee mmoja aliyekuwa hajawahi kumsalimia kwa heshima alimpa mkono na kumkonyeza. Ungetegemea aruke, akane, aape. Hakukana. Hapa ndipo moyo wa binadamu unapotisha, maana Obedi alipolisikia lile neno "bingwa" alijisikia kama mtu aliyerudishiwa shati lake mbele za watu. Alijua ni uongo, alijua ni dhambi kuachia uongo ukue, na alijua kwamba upande wa pili wa uongo ule kuna mwanamke anayeitwa Dorotea. Lakini alipozipima zile aibu mbili, ya mzinzi na ya mzee anayejikojolea, ile ya kwanza ilimkaa vizuri zaidi. Mtu mmoja alipomwuliza waziwazi, alisema, "Nyie watu mna maneno," akatabasamu lile tabasamu la upande mmoja.

Dorotea alikuwa mwanamke wa Ukerewe, mtulivu, wa maneno machache. Alikuwa na mambo yake aliyokwisha kuyaona na kuyaweka moyoni: mume aliyehama chumba, mlango wenye komeo, suruali zinazofuliwa na mwenyewe kabla jua halijachomoza. Mwanamume anayefua suruali yake anaficha harufu. Maneno ya mtaani yalipomfikia hayakumwambia jipya, yalimkamilishia tu. Ndipo siku moja, akitafuta ufunguo wa pikapu, akafungua mfuko wa mumewe akakuta doti mpya ya kanga, haijakatwa wala kupindwa.

Aliiweka mezani, akamsubiri.

"Hii kanga ya nani?"

Obedi alikuwa ameinunua mnadani. Vitambaa vya zamani vilikuwa vimekwisha, na kanga ya pamba inanyonya vizuri ukiikunja. Jibu lilikuwa pale, fupi, la kweli. Alifungua mdomo, akamwona mkewe alivyosimama wima, akafikiria akimwambia kwamba hizi ni nepi zangu, mama, mimi mumeo.

"Ni ya mtu," akasema.

Dorotea aliitazama ile kanga muda. "Mimi nilikuosha pale hospitali," akasema. "Nilikuosha kama mtoto. Nikasema kama Mungu ataacha hata nusu yake, hiyo nusu inanitosha. Kumbe ile nusu umeipeleka Misungwi."

Wazee wa kanisa walikaa kumsikiliza. Hawakuwa watu wabaya; Mchungaji Yakobo alikuwa amemzika mama yake Obedi na kuwabatiza watoto wake. Waliwaita wote wawili, mume na mke, wakawaketisha mbele ya meza. Mchungaji akasema kwa upole, "Mzee Chenge, tumesikia mambo. Sisi hatuhukumu kwa kusikia. Tunakuuliza wewe. Je, kuna mwanamke Misungwi?"

Obedi aliinamisha kichwa. Kwenye kiti cha pembeni Dorotea alikuwa amefumba mikono mapajani, na aligeuza uso akamtazama, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayeomba. Neno moja tu lingetosha.

Wakati ule ule kikohozi kikampanda. Akabana, kama alivyofundishwa. Akakohoa. Akasikiliza mwili wake: pakavu. Miezi ile yote, ndiyo mara ya kwanza alikohoa akabaki mkavu, na furaha ya kijinga ikampitia moyoni pale pale mbele ya wazee, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

"Sina la kusema," akajibu.

Wakamsimamisha uzee na meza ya Bwana mpaka atakapotubu. Walipotoka nje Dorotea hakuingia kwenye pikapu. Alikwenda barabarani, akasimamisha bajaji, akaenda Mirongo kwa binti yao. Nguo zake zilifuatwa kesho yake na mume wa Queen, kijana mwenye adabu, ambaye alimwamkia mkwewe akiwa ametazama ukuta.

Siku ya tatu Queen akapiga simu. Kwa desturi yao binti haongei na baba mambo ya chumbani, lakini siku ile aliongea. "Baba, mama hali chakula. Anakaa dirishani anautazama mto Mirongo kama hajawahi kuona maji machafu. Kama ni kweli, mwambie yameisha. Kama si kweli, kwa nini unamwua?" Obedi alisema atakuja. Hakwenda. Alikaa kwenye nyumba tupu, akala ugali aliousonga mwenyewe, mgumu, na akaendelea na mazoezi, maana ndicho kitu pekee kilichokuwa kikimtii.

Dorotea ndiye aliyekwenda. Aliazima koti la Queen, akapanda basi la Misungwi, akashuka stendi akaulizia msichana wa nguo za kinesi anayepandishwa pikapu na Chenge wa Buhongwa. Hakuwa amepanga atakachofanya. Alisema baadaye kwamba alitaka tu kuuona uso. Watu wakamwelekeza kituo cha afya, na pale mlango wa mwisho wa veranda akamkuta Gladness akimshikilia bibi mmoja mgonjwa wa kiharusi ajifunze kupiga hatua.

Alisubiri bibi amalize. Kisha akasimama mlangoni.

"Mimi ni mke wa Obedi Chenge."

Uso wa Gladness ukafunguka. "Shikamoo mama! Karibu sana. Kumbe umerudi safari? Nimekusubiri muda mrefu."

Dorotea alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa machozi, hata kwa ngumi. Kwa neno "karibu sana" hakuwa amejiandaa. Akatazama chumba: kitanda cha kupimia, mpira mkubwa, mchoro wa mifupa ya nyonga ukutani. "Mume wangu anakuja hapa kufanya nini?"

Gladness alielewa. Ilichukua muda, lakini alielewa. "Mama," akasema, "siwezi kukuambia habari za mgonjwa, hata akiwa mumeo. Hilo lazima aliseme yeye. Lakini leo ni siku yake, hachelewi. Kiti kile ni chako, kimekuwa chako tangu mwanzo."

Dorotea akaketi. Obedi alipoingia, ameshika kofia mkononi, alimwona mkewe kwanza na Gladness baadaye. Aligeuka kutaka kutoka. Gladness akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwake, "Baba. Kaa."

Akakaa. Akaongea akitazama sakafu. Ile siku ya paja la ng'ombe, ndoo ya maji, vitambaa, unga, kanga. Alipofika kwenye kanga alisema tu, "Ilikuwa ya kukata," akaonyesha kwa mikono namna anavyoikunja. Dorotea akainuka, na Obedi akadhani anakuja kumkumbatia. Aliipiga kofia ikaruka mkononi mwake.

"Ulinyamaza," akasema. "Mbele ya mchungaji. Nilikutazama, ukaniona nakutazama, ukanyamaza. Mkojo! Mimi nilishika mpira wako wa mkojo kwa mikono hii, nikamwaga, nikaosha. Ulikuwa unanificha nini ambacho sijakishika? Wanawake wa kanisa wananisalimia kwa sauti ya msibani. Mwanangu ananilisha kama mgonjwa. Ukaona afadhali mimi niwe mke mwenza kuliko wewe uonekane umelowa."

Na ndivyo ilivyokuwa.

Gladness alitoka nje akawafungia mlango. Walipomwita tena, macho ya Dorotea yalikuwa mekundu, lakini alivuta kiti karibu na kitanda. "Haya," akasema. "Nieleze hayo mazoezi. Na yale mengine pia, usiogope, mimi si mtoto." Gladness akaeleza yote upya, mbele ya wote wawili, na Dorotea akauliza maswali ambayo Obedi hakuwa amethubutu kuuliza: kama itauma, kama kushikana tu bila kufika popote kuna madhara, kama mtu aache kutumaini lini. Kwa swali la mwisho Gladness alisema hajui.

Dorotea hakurudi Buhongwa siku ile. Alisema atarudi siku mumewe atakapokwenda kwa wazee kusema kwa mdomo wake, kwa sababu jina lililochafuliwa pale lilikuwa la wawili. Ilimchukua Obedi wiki nzima. Alikwenda, akasimama mbele ya meza ile ile, akasema kwamba Misungwi hakuna mwanamke, kuna mtaalamu wa mazoezi. Kwamba tangu kisu mkojo humtoka na nguvu za kiume zimepotea. Na kwamba aliachia uongo uzunguke kwa sababu uongo ulimpendeza. Wazee walikuwa na njia ya kushughulika na uzinzi. Kwa jambo hili hawakuwa na njia. Mmoja alitazama dari, mwingine akafuta miwani. Mchungaji Yakobo akaomba sala ndefu iliyozungumzia wagonjwa wote wa wilaya. Uzee walimrudishia, lakini hakuna aliyemwuliza anaendeleaje.

Na habari za kweli hazikuwa na miguu kama zile za uongo. Wengine hawakuziamini, walisema ni ujanja wa mzee kumrudisha mkewe. Nestory aliziamini, na mnadani akampa jina la Mzee Pampasi, likashika. Vijana wa mifupa wakaacha kumwita bingwa. Siku alizolisikia jina lile Obedi alirudi nyumbani na pikapu akiwa hajanunua hata mbuzi.

Dorotea alirudi chumbani kwao, na komeo la mlango wa Queen likang'olewa. Mazoezi akawa anamsimamia yeye, mkali kuliko Gladness. Kufikia msimu wa mvua za vuli Obedi alikuwa anabeba nusu ya paja la ng'ombe, si paja zima, na vitambaa alivivaa siku za kazi ndefu tu. Akipiga chafya kwa ghafla bado mkojo humponyoka. Lile jingine lilikuja kwa kusitasita. Jumamosi moja mchana, mvua ikipiga bati, mwili wake uliitika, si kama zamani, na si kwa muda mrefu, lakini uliitika. Na Dorotea akacheka, akamwambia alegeze uso wake, uso hauna kazi hapa, maana Obedi alikuwa amemsimulia maneno ya Gladness. Baada ya hapo mara nyingine ikawa ndiyo, mara nyingi ikawa hapana. Daktari wa mjini alisema wasubiri kwanza, kisha wataangalia dawa.

Lakini kuna siku Dorotea hunyamaza, na Obedi hujua anarudi kwenye chumba kile cha wazee. Siku moja walikuwa wamekaa uani, yeye akichambua dagaa, Obedi akinoa visu vya bucha.

"Nisingekwenda Misungwi," Dorotea akasema bila kuinua kichwa, "ungeniacha nikae Mirongo moja kwa moja?"

Obedi akasimamisha kisu juu ya jiwe. Alitaka kusema hapana. Akafikiri, na akaona kwamba amekwisha kumdanganya vya kutosha.

"Naogopa ningekuacha," akasema.

Dorotea akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia bei aliyoitarajia. Akaendelea kutoa vichwa vya dagaa. Kisha akasogeza ungo kwake. "Weka kisu chini," akasema. "Nisaidie hawa, giza linakuja."